Kitabu cha Francis Collins, elfu 12 mtumba: sayansi inamtetea Mungu kweli?

Naanza na bei maana najua ndo mtu anachotaka kujua kwanza. Kitabu kinaitwa The Language of God (yaani Lugha ya Mungu), kaandika Francis Collins, kilitoka 2006, mi nimekipata kwa muuza vitabu vya mtumba, wale wanaotandaza turubai chini kule Posta Dar. Alianza na elfu 20, nikamwambia kaka hiki kitabu kina jina la mtu limeandikwa kwa peni ndani na kavani kuna duara la kikombe cha chai, tukashushana weee mpaka elfu 12. Alikuwa amekipanga na vile vya kujifunza Kifaransa akidhani ni cha kufundisha lugha, na mi sikumsahihisha, angejua ni cha Mungu angepandisha bei, vitabu vya dini huku vinatoka kama maandazi. Hali yake sio mbaya, karatasi zimepauka, gundi ya mgongoni imeanza kuachia pale katikati, maandishi yanasomeka hata na mtu aliyekesha. Kiingereza chake chepesi, kuna sehemu za fizikia utaruka na hamna atakayekuuliza.

Sasa kwa nini nimekinunua. Mi ni mtu wa maabara, hospitali ya wilaya, zamu za usiku ndo maisha yangu. Nyumbani kwetu ni KKKT (Walutheri) damu, mama yuko kwaya tangu sijazaliwa. Likizo iliyopita dogo karudi kutoka chuo, anasoma falsafa, tumekaa mezani mama anamwambia ombea chakula, dogo anasema mama mi siku hizi siombi, sayansi imeshaonesha hamna mtu huko juu. Aisee. Wali ulipoa. Mama hakumjibu, akanigeukia mimi, "wewe si ndo umesoma sayansi, mwambie mwenzio." Na mi hapo nina diploma ya maabara, najua kusoma slaidi ya malaria hata umeme ukikatika, lakini hilo swali sikuwa na jibu lake, nikasema tule kwanza. Ndo nikaanza kutafuta mtu aliyesoma sayansi kweli kweli (sio wale wa kwenye klipu za WhatsApp) na bado anaamini, nione anasemaje.

Collins sio mtu wa kubahatisha. Ni daktari na mkemia, mwaka 1989 alikuwa kwenye timu iliyopata kinasaba cha sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito kwenye mapafu), kuanzia 1993 akaongoza ule mradi mkubwa wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu, na tarehe 26 Juni 2000 alisimama Ikulu ya Marekani pembeni ya Rais Clinton wakitangaza wamepata rasimu ya kwanza. Halafu cha kushangaza, alikuwa haamini kabisa. Alipokuwa anasomea udaktari kuna bibi mgonjwa wa moyo alimwelezea imani yake kisha akamuuliza, na wewe daktari unaamini nini? Akababaika. Akaona aibu kwamba yeye mwanasayansi ana msimamo kuhusu jambo ambalo hajawahi kulichunguza. Hapo mi nilicheka peke yangu maabara saa nane usiku, maana na mimi nimebabaishwa na mama yangu mwenyewe na sahani ya wali.

Niseme mapema, sehemu ya vinasaba peke yake inalipa hiyo elfu 12 yote. Vinasaba vya binadamu vimeandikwa kwa herufi kama bilioni tatu (ni A, T, C na G tu zinajirudia), nikapiga hesabu kwenye simu, ukizisoma moja kila sekunde bila kulala wala kula unahitaji karibu miaka 100, na hizo zote zimekunjwa ndani ya karibu kila chembe ya mwili wako. Na Collins hafichi kitu. Wengi wa upande wetu wakifika kwenye evolusheni (viumbe kubadilika taratibu vizazi kwa vizazi) wanaanza kukwepakwepa, yeye anakubali moja kwa moja kwamba sisi na viumbe wengine tuna asili moja na anakuonesha kwa nini. Mfano sokwe ana jozi 24 za kromosomu (vile vifurushi vinavyobeba vinasaba), sisi tuna 23, ile namba 2 yetu ukiiangalia ni kama mbili za sokwe zimeungana kichwa kwa kichwa na alama ya pale zilipounganika bado inaonekana mpaka leo. Kuna mabaki ya zamani kwenye vinasaba vyetu na vya panya, yamekaa sehemu zilezile, mengine yameharibika vilevile. Anauliza, Mungu angeyaweka hapo makusudi ili atudanganye? Mchungaji wetu akisoma kurasa hizo sijui.

Halafu anawagombeza waumini wenzake kwa tabia moja ambayo hata mi ninayo, ile ya kila kitu sayansi isichojua tunasema hapo ndo Mungu alipo. Ukimweka Mungu kwenye mapengo, sayansi ikiziba pengo, Mungu wako anahamishwa kama mpangaji. Nilipenda sana hapo. Ila msimamo wake mwenyewe, kwamba Mungu aliumba kwa kutumia evolusheni, kaubatiza jina BioLogos, mi nikasema jamani, msomi mzima umekosa jina, hiyo ni dawa ya minyoo.

Sasa kuna sehemu nilikwama, na nilikwama kwa sababu ya kazi yangu sio kwa sababu ya kitabu.

Hiyo lugha ya Mungu anayoisema, kuna herufi moja tu kati ya hizo bilioni tatu, A inakuwa T, na mtoto akirithi hilo kosa kutoka kwa baba na kwa mama anakuwa na ugonjwa wa selimundu (sickle cell). Herufi moja jamani. Usiku uleule niliokuwa nasoma wakaniletea sampuli ya mtoto, vidole vimevimba, analia toka jana. Unaweka tone la damu, unaweka dawa ya kuinyima oksijeni, unafunika na kioo, unasubiri, halafu unaona chembe nyekundu zilizokuwa duara zinajikunja moja baada ya nyingine zinakuwa kama mundu. Nimeviona mara nyingi lakini ule usiku nilikuwa na kitabu wazi pembeni chenye jina la Mungu juu. Mama yake nje kwenye benchi anamwambia nesi sijui nimemkosea nini Mungu.

Na kisayansi tunajua kwa nini hilo kosa halijafutika. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watu Kenya na Uganda na mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye kubeba kosa hilo kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo pwani na ziwani ambako mbu walimaliza watoto, waliolibeba walibaki hai wakazaa. Ila wakioana wawili wanaolibeba, kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa. Yaani dawa ya mmoja ndo sumu ya mwingine, na Tanzania tuko kwenye nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao. Sasa ukiwa unaamini Mungu aliumba kwa njia hiyo, maana yake hii robo ipo ndani ya njia yake. Collins ana kurasa kuhusu mateso, anasema mengi tunajiletea wenyewe kwa uhuru tuliopewa, ni kweli, vita, uonevu, sawa. Lakini yule mtoto wa vidole vilivyovimba hakutumia uhuru wowote. Hapo kitabu kilikuwa chepesi kuliko kazi yangu, na nampunguzia nyota moja nzima bila huruma.

Kwenye ulimwengu ana nguvu zaidi. Anasema ulimwengu una mwanzo, na hilo sio mahubiri, ni fizikia. Wengi hawajui kwamba mmoja wa wa kwanza kabisa kupiga hizo hesabu alikuwa padri wa Kibelgiji, Georges Lemaître, miaka ya 1920 na 30 huko, na wanafizikia wengine walimkatalia kwa sababu ilinukia Mwanzo sura ya kwanza. Nikamsomea mwenzangu wa zamu, sisi tunamwita Ustadh, alisoma madrasa Tanga mpaka mbali sana kabla ya kuja maabara. Akacheka. "Hiyo hoja mmekopa kwetu, Imam Ghazali kaisema miaka 900 iliyopita." Akaipanga kwa vidole vitatu: kila chenye mwanzo kina kilichokisababisha, ulimwengu una mwanzo, basi una msababishaji. Akaniambia wao watoto walikariri sifa ishirini za Mwenyezi Mungu na ya kwanza ni kuwepo, na hawakuambiwa amini tu, waliambiwa taja dalili, yaani ushahidi. Kiukweli nilimwonea wivu, mi Sunday school tulipewa picha za kupaka rangi.

Ila nikamuuliza Ustadh, hivi msababishaji huyo anasikia sala? Akanyamaza akasema hiyo ni sifa nyingine, ina dalili yake. Na Collins naye anakiri, hoja hii ikikufikisha mbali sana inakufikisha kwa aliyewasha, sio kwa Baba Yetu.

Kuna ile ingine ya namba za ulimwengu, kwamba nguvu ya mvutano na nguvu nyingine zingepishana kidogo tu kusingekuwa na nyota wala sisi. Mi niliielewa kwa mashine yetu ya kuhesabu chembe za damu. Asubuhi nikiikuta imeshasetiwa vizuri kila kitu, sisemi imejiseti, najua kuna mtu wa zamu aliyetangulia. Basi nikamtumia dogo huo mfano nikiwa nimejisifu sana, dogo akajibu ndani ya dakika: kaka je kama kuna vyumba milioni vyenye mashine zimesetiwa ovyoovyo na wewe unaweza kuzaliwa tu kwenye kile chumba ambacho mashine inafanya kazi? Utakiona kama muujiza lakini si ndo chumba pekee unachoweza kukiona. Nilikaa na hiyo meseji siku mbili. Na jibu langu ni kwamba hivyo vyumba vingine (yaani malimwengu mengine) hamna aliyeviona, navyo ni imani, lakini nakubali dogo hakushindwa.

Haya, maadili. Hapa ndo penye utamu na ndo penye matatizo. Collins anasema kila binadamu ana sheria ndani inayomwambia hiki sawa hiki sio sawa, hata anayeivunja anatoa visingizio, na kwamba evolusheni haiwezi kueleza mtu anayejitoa kwa mgeni ambaye hatamlipa kitu. Anasimulia alivyoenda kujitolea hospitali moja Nigeria, sehemu inaitwa Eku, akaletewa kijana mkulima maji yamejaa kwenye mfuko wa moyo kwa sababu ya TB. Hana vifaa vya kwao. Akachoma sindano kifuani akiomba asitoboe moyo wenyewe, maji yakatoka, kijana akapona, na kesho yake yule kijana akamwambia naona unajiuliza kwa nini ulikuja huku, ulikuja kwa ajili yangu. Mi ambaye napima makohozi ya TB kila siku ya Mungu, hapo macho yalijaa, siwadanganyi.

Lakini machozi sio hoja. Dogo alikuwa ameshaniambia watu wa evolusheni wana majibu, kwamba viumbe wanaoishi kwa kundi wanaosaidiana hubaki, na huruma iliyoanzia kwa ndugu inamwagikia hata kwa mgeni. Akaongeza mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyesema kwa Waakan (watu wa kabila la huko) jema linapimwa kwa faida yake kwa binadamu, sio kwa amri ya dini. Nikafikiri, mbona hata sisi. Mtu akifanya unyama hatusemi huyu hana dini, tunasema huyu hana utu. Neno lenyewe limetoka kwenye mtu. Mama yangu mwenyewe mwanakwaya akitukaripia anasema hamna utu nyie.

Ila kuna kitu dogo hawezi kunitoa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino waliuawa kwa sababu waganga walisema viungo vyao vinaleta utajiri. Sasa niambie huo ubaya ni maoni tu, kwamba ni desturi yetu kuona vibaya, na kwamba kijiji kizima kingekubaliana basi ingekuwa sawa. Hakuna mtu anaweza kusema hivyo akiwa anamwangalia mama wa mtoto. Ni kosa, lilikuwa kosa kabla ya sheria, litakuwa kosa hata tukisahau wote. Nilipomuuliza dogo hivyo alisema ndiyo ni kosa kweli. Nikamwambia basi hapo kuna kitu kipo ambacho hakipo kwenye hadubini yangu. Akasema labda, lakini kwa nini ukiite Mungu?

Na hapo ndo nikakumbuka safari ya Unguja, Mkunazini. Lile kanisa la Waanglikana limejengwa palepale palipokuwa soko la watumwa, jiwe la kwanza Krismasi ya 1873, mwaka uleule Sultani Barghash aliposaini kufunga masoko. Ukisimama ndani unapewa hadithi ya madhabahu, ukishuka chini unaoneshwa vyumba wanavyosema watumwa walifungiwa, unatoka hujui useme nini. Kilichonisumbua sio kwamba watu wabaya walikuwepo. Ni kwamba waliouza na walionunua walikuwa wanasali. Na ng'ambo ya Atlantiki Wakristo walikuwa wanafanya vilevile na Biblia mkononi, Marekani mpaka 1865, Brazil mpaka 1888. Kwa hiyo utumwa ulikuwa ubaya kweli mwaka 1860, nakubaliana na Collins kwamba ubaya huo haukutegemea maoni ya mtu. Lakini kumwamini Mungu hakukuwasaidia kuuona! Kama sheria imeandikwa moyoni mwa kila mtu basi iliandikwa kwa penseli. Collins anakiri kwamba waumini wamefanya maovu, anasema maji safi yakiwekwa kwenye vyombo vyenye kutu yanachafuka, mfano mzuri, ila mi naona hiyo haijibu swali, mbona vyombo ni karibu vyote.

Nikamrudia Ustadh na lile swali la zamani, jema ni jema kwa sababu Mungu kaamrisha au kaamrisha kwa sababu ni jema? Nilidhani nimemshika. Kumbe kwao waligombana juu ya hilo karne na karne, kundi la wanazuoni wa Muutazila walisema akili inajua jema na baya hata kabla ya wahyi (ufunuo wa Mungu), kundi la Ashari wakasema hapana, jema ni lile alilolisema Mungu. Nikamuuliza wewe uko wapi, akasema kimadhehebu niko Ashari, ila usiku wakileta mtoto sisubiri aya. Hilo swali Collins alipaswa kulipa sura nzima na sikuliona likipewa nafasi inayolingana na uzito wake. Kitabu kizima kinasimama juu ya sheria ya maadili halafu nguzo haichimbiwi.

Mwishoni kabisa kuna kiambatisho cha maadili ya tiba, mambo ya kudurufu viumbe na seli shina, kimepitwa na wakati, ruka tu.

Lakini kuna ukurasa mmoja ambao kwangu ndo kitabu chenyewe. Baada ya kusoma miaka, baada ya hoja zote, anaeleza siku aliyoamini. Hakuwa maabara. Alikuwa anatembea milimani kwao Marekani, akakunja kona akaona maporomoko ya maji yameganda barafu, marefu, mazuri kupita kiasi, na asubuhi yake akapiga magoti kwenye majani yenye umande. Basi. Wasioamini wamemcheka sana kwa hilo na mi nilikuwa karibu kucheka pia, jamani mwanasayansi, barafu? Halafu nikaona hapo ndo mkweli zaidi. Hoja zilimwondolea magogo barabarani, kwamba sayansi haikatazi, kwamba mwanzo upo, kwamba jema na baya sio ndoto, ila barabara aliitembea kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo yule aliyeandika kwenye kava kwamba mwanasayansi anatoa ushahidi wa kuamini kazidisha chumvi. Ushahidi wa kutosha kumfanya mtu mwenye akili asione haya kuamini, huo upo. Wa kumlazimisha dogo wangu, haupo, na mi nimeacha kuutafuta.

Nyota tatu na nusu. Ni nne kwa vinasaba, tatu kwa maadili, na ile nyota ya selimundu nilishasema. Mwenye imani anayeogopa evolusheni akisome leo hii. Asiyeamini anayetaka kupigana ngumi atakuta mpinzani mstaarabu mno atachoka. Kama unatafuta cha kumpa mtoto wa form six aliyeanza kuuliza maswali, kinafaa, ila kaa naye mkisome wote usimwachie tu kama panadol.

Jumapili iliyopita dogo alikuja, alikuwa ameshakisoma wiki mbili kakijaza penseli pembeni, "SI LAZIMA" kila kurasa tatu. Mama anapakua chakula anauliza, haya wasomi, kitabu kimesemaje, yupo? Kabla sijafungua mdomo dogo akadakia, mama mwenye kitabu mwenyewe mwisho alipiga magoti tu, hakumaliza hesabu. Mama akasema sasa si ndo ninachowaambia miaka yote, leteni sahani.

Kwa wanaoniomba inbox, hakiuzwi. Kwa sasa kiko kwa Ustadh, kakivalisha gazeti na kurudishia gundi mgongoni, anaandika majibu ya penseli chini ya penseli za dogo, na baada yake kuna nesi wa wodi ya watoto kaweka oda. Muuza vitabu wa Posta nilimpitia juzi, anasema hana kingine cha lugha hiyo.